AI Haitakutext Kukuuliza: Andika Maelezo ya Zana Yako Fiti

Msee, kama unaunda programu, jua anayesoma maelezo yako siku hizi si dev mwenzako pekee. Kuna ajenti wa AI pia, na huyo hatakutext saa sita usiku akuulize ulimaanisha nini. Anasoma ulichoandika, anapiga kazi.

Cheki Daraja, ile API ya M-Pesa. Ukimwandikia ajenti tu "zana hii inaitisha malipo", ataweka namba ya 07 na Daraja inataka ianze na 254. Hiyo ni ndogo, ombi litakataliwa tu. Noma iko hapa: ukituma STK push, ile ya kumwitisha mteja PIN kwa simu, jibu la kwanza hurudi na ResponseCode 0. Hiyo 0 ni kusema ombi limepokelewa, si eti mteja amelipa. Ajenti asiyejua hivyo atatangaza doo imeingia, na mzigo utoke dukani bure.

So andika waziwazi: "0 si malipo. Ngoja jibu la pili, ama uliza hali ya muamala kwa CheckoutRequestID. Usitume ombi lingine kabla ya hapo." Ni sentensi tatu tu, buda. Ukiziruka, mteja anaweza kuitishwa pesa mara mbili, na simu atakupigia wewe.