Kupenda Kisichopendwa na Wengi: Kijana, Mitandao na Jumuiya



Karibu katika kila jumuiya yupo mmoja ambaye mapenzi yake hayafanani na ya wenzake. Wenzake wakibishana juu ya Simba na Yanga, yeye anawaza nyota. Wenzake wakisikiliza muziki wa kizazi kipya, yeye anatafuta vitabu vya zamani vya nyimbo za Kilatini, au anakusanya stempu. Hana kiburi wala si mkaidi. Hana tu wa kuzungumza naye. Makala haya yanamhusu yeye, na yanatuhusu sisi tunaoishi naye.

Tuanze na kijana mmoja, ambaye jina lake tunalihifadhi, anayeishi chini ya milima ya Uluguru, mkoani Morogoro. Anapenda ndege. Hawategi wala hawafugi. Anawatazama, anawasikiliza, kisha anaandika kwenye daftari siku na mahali alipowaona. Nyumbani aliulizwa swali moja tu: "Huyo analiwa?" Akijibu kwamba haliwi, mazungumzo yaliishia hapo.

Siku moja alipiga picha ya chozi, akaiweka katika kundi la wapenda ndege mtandaoni. Kabla ya jioni watu wa Uingereza na Marekani walikuwa wamemwandikia: huyo ni chozi wa Loveridge, ndege anayepatikana Uluguru tu, wala si penginepo duniani. Baadhi yao walisema wanatamani kufika mahali ambapo yeye hupita kila siku akienda kuchota maji. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, mtu alimwambia kwamba anachokipenda kina thamani.

Mtandao unatoa nini?

Tusikimbilie kulaumu. Kiu ya kueleweka si dhambi. Mungu alituumba tuishi na wenzetu. Kijijini huenda yupo mpenda ndege mmoja. Mtandao unamkutanisha na maelfu walio kama yeye, wanaomfundisha na kumsahihisha. Baba Mtakatifu Fransisko, katika wosia wake kwa vijana wa mwaka 2019, Christus Vivit, alikiri kwamba mitandao imefungua njia mpya ya watu kukutana na kuzungumza. Katika wosia huohuo alionya pia juu ya upweke na udanganyifu vinavyoweza kujificha humo.

Onyo hilo lina sababu. Programu za mitandao hii huangalia unapokawia, kisha hukuletea zaidi ya hicho. Hukuhesabia pia waliopenda ulichoweka. Polepole mtu huanza kupenda ile hesabu kuliko kitu chenyewe. Kijana wetu aligundua kwamba picha za viota zenye makinda zilipendwa zaidi, akaanza kusogelea viota. Mpenda ndege yeyote anajua kwamba ndege akisumbuliwa anaweza kukitelekeza kiota na makinda yakafa. Alikuwa ameanza kukidhuru kile alichokipenda, ili apendwe na watu asiowajua.

Hatari nyingine ni ya walaghai. Mtu mpweke hujulikana upesi mtandaoni. Anayekusifu leo kwa picha zako anaweza kesho kukuomba fedha, au picha za namna nyingine.

Siku ya msiba

Mwaka uliofuata mama yake alifariki. Aliandika habari hiyo katika kundi. Walimtumia alama za mikono iliyokunjwa na maneno mafupi ya pole, na hapana shaka walimaanisha. Baada ya saa chache mazungumzo yalirudi kwenye ndege.

Nyumbani wanajumuiya walifika usiku uleule. Walileta unga, kuni na maturubai, wakasali Rozari, wakakesha naye, wakachimba kaburi. Lakini kati yao hakuna aliyejua kwamba asubuhi ya mazishi, alipojitenga chini ya mwembe, kijana yule alikuwa akisikiliza ndege, kwa sababu hiyo ndiyo namna yake ya kutulia. Walidhani anawakimbia watu.

Kundi lilijua ndege wake, halikuujua msiba wake. Jumuiya iliujua msiba wake, haikujua ndege wake. Kueleweka ni jambo moja, na kuwa na kwenu ni jambo jingine. Mtandao unaweza kutupatia la kwanza. La pili hutolewa na watu walio karibu, hata kama hawaelewi tunachokipenda.

Mtawa na njegere zake

Historia ya Kanisa ina mfano mzuri. Gregor Mendel, mtawa Mwaugustino wa monasteri ya Mtakatifu Thomas huko Brno, katika nchi ambayo leo ni Cheki, alitumia takribani miaka minane, kuanzia 1856, akipanda njegere na kuhesabu rangi na maumbo ya mbegu zake. Alichapisha matokeo yake mwaka 1866, wasomaji wachache wakayajali. Alimwandikia barua kwa miaka kadhaa profesa mashuhuri wa Munich, Carl Nägeli, lakini hata huyo hakuutambua uzito wa kazi yake. Mendel alifariki mwaka 1884. Ilipofika mwaka 1900 ndipo wanasayansi walipotambua kwamba yule mtawa alikuwa ameweka msingi wa elimu ya urithi.

Mtaalamu wa mbali hakumwelewa. Lakini nyumbani kwake, abate Cyril Napp alimpeleka kusoma Chuo Kikuu cha Vienna na kumpa nafasi ya kupanda bustanini. Mwaka 1868 watawa wenzake walimchagua yeye kuwa abate wao. Si lazima wote waliielewa hesabu ya njegere. Walimpa mahali.

Tufanye nini?

Kwako kijana: tumia mtandao kujifunza, lakini usiyafiche mapenzi yako nyumbani kwa kudhani hakuna atakayejali. Mwoneshe hata mtu mmoja. Wafundishe watoto wa Utoto Mtakatifu majina ya ndege.

Kwetu waseminari: mwenzetu anayekaa peke yake na simu hajaasi kwa sababu hiyo tu. Kabla ya kumtania, tumuulize anatazama nini, kisha tukae tusikilize jibu. Naye mwenye mzigo amfungulie moyo mlezi wake wa kiroho.

Kwa wazazi na viongozi wa jumuiya: tuache kupima kila kitu kwa swali la "kinaliwa?" Mtakatifu Paulo aliwafundisha Wakorintho kwamba mwili una viungo vingi, na jicho haliwezi kusema halihitaji mkono. Kijana anayeona tusichokiona ni jicho letu.

Zakayo alipanda mkuyu ili amwone Yesu kwa mbali, juu ya vichwa vya watu waliomdharau. Yesu alimwita kwa jina, akamwambia ashuke, akaenda kukaa nyumbani kwake. Vijana wetu wengi wako juu ya mti huo. Tuwaite kwa majina, na wakishuka, wakute tumewawekea nafasi ya kukaa.