Spika za umemetuli: bei ya dukani ni mwanzo tu wa hesabu

Mfanyabiashara anayeagiza spika za kawaida kutoka Dubai au Guangzhou anaijua hesabu yake: bei, nauli, ushuru, faida. Spika za umemetuli hazifuati hesabu hiyo. Ni bidhaa ghali, pana na dhaifu, na zinahitaji umeme, chumba na fundi wa aina yake. Hata hivyo, zina wapenzi ambao hawako tayari kuzibadilisha na kitu kingine. Makala haya yanaeleza jinsi zinavyofanya kazi, kwa nini zinapendwa, na gharama ambazo muuzaji aliyeko Ulaya hana sababu ya kukutajia.

Zinavyofanya kazi

Spika ya kawaida ina koni ya karatasi au plastiki inayosukumwa na koili iliyo ndani ya sumaku. Spika ya umemetuli haina koni wala sumaku. Ina utando wa plastiki, mwembamba kuliko unywele, uliopakwa dawa inayopitisha umeme kidogo na kuwambwa katikati ya mabati mawili yenye matundu. Utando huo huchajiwa kwa maelfu ya volti. Muziki unaotoka kwenye amplifaya hupita katika transfoma inayopandisha volti, kisha huingia kwenye mabati. Bati moja linapouvuta utando, jingine linausukuma, na hewa inatikisika.

Kwa kuwa utando ni mwepesi sana na unasukumwa eneo lake lote kwa pamoja, huanza kutikisika na kutulia kwa haraka. Ndiyo sababu sauti ya mwimbaji, udi na fidla za taarabu, au magitaa ya rumba husikika kila kimoja mahali pake.

Besi, kwa upande mwingine, haina nguvu ya kutikisa kuta. Spika hizi hutoa sauti mbele na nyuma, na mawimbi ya nyuma ni kinyume cha yale ya mbele. Kwa sauti nzito, mawimbi hayo hukutana pembeni na kufutana. Kampuni ya MartinLogan ya Marekani huziba pengo hilo kwa kuunganisha utando na spika ya kawaida ya besi chini yake. Kwa vyovyote vile, hiki si chombo cha harusi wala cha baa. Ni cha watu wachache waliokaa wakasikiliza, na kiti cha katikati ndicho kinachofaidi zaidi.

Mfano wa Quad

Spika maarufu kuliko zote za aina hii ni ile ya Quad, kampuni iliyoanzishwa Uingereza na Peter Walker mwaka 1936. Spika yake ya kwanza ya umemetuli iliingia sokoni mwaka 1957 na iliendelea kutengenezwa hadi 1985. Toleo lililofuata, ESL-63, lilitoka mwaka 1981. Jina lake linatokana na mwaka 1963, utafiti wake ulipoanza. Mwaka 1997 Quad ilinunuliwa na kundi la IAG, na utengenezaji wa spika hizo ukahamia China.

Kwa mchumi, jambo la kuangalia hapa ni umri. Spika zilizouzwa zaidi ya miaka 40 iliyopita bado zinauzwa na kununuliwa Ulaya, kwa sababu wapo mafundi wanaotengeneza tando mpya na vipuri vingine. Ujerumani, kwa mfano, kuna karakana zinazozifumua na kuziunda upya. Thamani ya bidhaa hii inabebwa na fundi. Mahali ambapo fundi hayupo, thamani hiyo hupungua siku hiyo hiyo mzigo unapofika.

Nauli: ujazo, si kilo

ESL-63 moja ina uzito wa karibu kilo 19. Mnunuzi anaweza kudhani kwamba kuisafirisha kwa ndege ni jambo dogo. Lakini mashirika ya ndege hupima pia ujazo: urefu mara upana mara kina kwa sentimita, kisha hugawanywa kwa 6,000. Chukua sanduku imara la sentimita 110 kwa 80 kwa 40. Jibu ni kilo 58.7. Hata kama mizani inasoma kilo 30, utalipia karibu kilo 59, na spika ziko mbili. Kampuni za vifurushi vya haraka mara nyingi hugawanya kwa 5,000, na hapo kila sanduku linafikia kilo 70.4.

Meli ni nafuu zaidi, lakini mzigo hupakiwa na kupakuliwa mara nyingi. Kwa mnunuzi wa Kampala, Kigali, Bujumbura au Goma, baada ya bandari ya Mombasa au Dar es Salaam kuna safari ndefu ya lori. Sanduku la mbao na bima si anasa.

Ushuru na kodi

Ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki una viwango vikuu vinne: asilimia 0, 10, 25 na 35. Spika ziko katika kifungu cha 8518 cha orodha ya forodha. Mwulize wakala kiwango cha mwaka huo kabla ya kulipa.

Tuseme mzigo umekuja kwa meli, na bei, bima na nauli vimefika dola 2,000, na kiwango ni asilimia 25. Ushuru ni dola 500. VAT hutozwa juu ya jumla hiyo ya 2,500: kwa asilimia 18 ya Uganda au Rwanda ni dola 450, na kwa asilimia 16 ya Kenya ni dola 400. Mzigo wa dola 2,000 umefika 2,950 au 2,900, kabla ya ada nyingine na malipo ya wakala.

Aidha, Kenya, Tanzania na Uganda zina utaratibu wa kukagua ubora wa bidhaa katika nchi zinakotoka. Uliza mapema kama mzigo wako unahusika. Hifadhi ankara na uthibitisho wa malipo ya benki, kwani vitu vilivyotumika huzua ubishi wa thamani.

Ndani ya nyumba

Spika hizi huchomekwa kwenye umeme. Zilizotengenezwa kwa soko la Marekani husoma volti 120, ilhali nyumba zetu zina kati ya 220 na 240. Soma kibandiko cha nyuma kabla ya kuchomeka. Kifaa cha kuzuia umeme unaorudi kwa kishindo baada ya kukatika ni cha lazima.

Amplifaya nayo ina hesabu yake. Katika sauti nyembamba, ukinzani wa spika hizi unaweza kushuka hadi chini ya omu 2, na amplifaya dhaifu hupata moto au kujizima. Lakini nguvu nyingi nayo ni hatari. Quad ya 1957 iliundwa enzi za amplifaya za wati 15. Ukiifungulia mashine kubwa ya kisasa, cheche huruka ndani na kutoboa utando.

Chumba kiruhusu spika ikae kama mita moja kutoka ukutani, kwa sababu ya sauti ya nyuma. Vumbi huvutwa na utando uliochajiwa, na unyevu huvujisha chaji hiyo. Dalili ni mchakacho, au upande mmoja kufifia. Mtu wa Nairobi au Kigali ana nafuu kuliko wa Mombasa, Tanga au Zanzibar, ambako chumba kinahitaji kufungwa vizuri na kukaushwa hewa. Wala usifungue mwenyewe: chaji hubaki ndani hata baada ya kuchomoa waya.

Kabla ya kutuma fedha

Soko la kuuza tena spika hizi katika ukanda wetu ni jembamba mno. Anayenunua akidhani atarudisha fedha zake mwakani anajidanganya. Anayenunua ili asikilize kwa miaka 15 anaweza kufaidi, endapo atapanga mambo kwa utaratibu huu: kwanza chumba, pili fundi wa umeme aliye tayari kujifunza, tatu seti ya tando za akiba zinazokuja ndani ya shehena ile ile, ili nauli ilipwe mara moja. Spika zenyewe ziwe za nne. Kama moja kati ya matatu ya kwanza halipo, spika nzuri za koni zitakupa muziki mwingi zaidi kwa kila dola.