Kikaango kisichonata: Kitunze kikutunze

ULIPOKINUNUA, mayai yaliteleza yenyewe na mafuta ulitia matone tu. Miezi imepita, sasa yai linashika na ule utando mweusi unabanduka. Je, ni sumu? Ukitupe?

Utando huo ni plastiki iliyogunduliwa Marekani mwaka wa 1938, na wengi huijua kwa jina la Teflon. Ukimeza kipande kwa bahati mbaya, usishtuke. Hupita tumboni na kutoka kama kilivyoingia.

Hatari iko motoni. Joto likipita nyuzi 260 utando huanza kuharibika. Likizidi sana hutoa moshi unaoweza kukuletea homa, na hata kuua ndege unaowafuga nyumbani. Kikaango kitupu kwenye gesi kali hufika huko kwa dakika chache tu. Basi usikiache motoni bila kitu, na usikiweke juu ya makaa yaliyokolea.

Jambo la pili ni kemikali ya PFOA, ambayo zamani ilitumiwa kutengenezea utando huo. Mwaka wa 2023 shirika la utafiti wa saratani, IARC, liliitaja kuwa husababisha saratani. Unaponunua, chagua kilichoandikwa kuwa hakina PFOA.

Tumia mwiko wa mbao, na uoshe kwa sponji, si kwa waya. Hata hivyo, hudumu miaka michache tu. Kikichubuka kote, kitupe. Kazi yake imekwisha. Chapati za kila siku zipikie kikaango cha chuma, ambacho hata wajukuu watakirithi.