Chapaa Imekauka Lakini Msikae Kwa Keja: Form ya Kutoka na Familia

Wasee, tuseme ukweli. Hii uchumi imetushika koo. Kama uko na kazi, kabla mshahara ufike kwa mfuko SHIF ishachukua asilimia 2.75, housing levy ikachukua 1.5, halafu kuna PAYE na NSSF. Kama hauna kazi, hata hiyo ya kukatwa hakuna. Na sasa angalia vile watu wanaishi kwa nyumba: mathe yuko jikoni amenyamaza, buda anatazama habari ile ile mara ya tatu, siz yuko TikTok, na wewe uko kwa kitanda na earphones. Mko wanne kwa nyumba moja lakini hakuna anayebonga na mwenzake.

Msoto ukiingia, kitu cha kwanza familia nyingi hukata ni kutoka. Tunajiambia raha ni ya watu wenye dooh. Lakini hapo ndipo tunajichoma, ju kutoka pamoja si lazima iwe Naivasha na hoteli ya swimming pool. Inaweza kuwa nauli ya mathree, chapo za nyumbani na miguu yako mwenyewe. Na kuna sababu za maana kwa nini inasaidia.

Kwa nini kutembea inafungua midomo

Kwa nyumba zetu, mzazi akikuambia "kuja ukae hapa tuongee" unajua kuna kesi. Mnaangaliana macho kwa macho, kila mtu anajitetea, na mwisho mlango unabamizwa. Mkitembea ni tofauti. Mko bega kwa bega, kila mtu anaangalia mbele, na mkikosa maneno kuna nyani wa kuonyeshana. Ndiyo maana stori ngumu hutoka njiani: deni la shamba, karo ya kalil bro, ile kazi ilipotea na hakuna mtu alikuwa ameambiwa.

Halafu kuna mwili. Ukikaa ndani siku nzima na kulala saa nane usiku na simu mkononi, saa ya mwili inavurugika. Mwanga wa asubuhi huirekebisha, na miguu ikichoka usingizi unakuja bila kubembelezwa. Wajapani walichukua hii mambo serious kitambo. Mwaka wa 1982 serikali yao ilianza kuhimiza watu waende msituni wapumzike, wakaipa jina shinrin-yoku, yaani kuoga msitu. Hauogi maji, unatembea polepole ukiskia ndege na kunusa majani.

Ya tatu ndiyo kubwa. Mzazi akipoteza kazi hapotezi pesa peke yake, anapoteza nafasi yake. Alikuwa wa kuulizwa kila kitu, sasa anaulizwa tu rent iko wapi. Mpeleke Karura na utashangaa. Mzee atakuonyesha mugumo, atakuambia muhugu ndio mti wachongaji wa vinyago wanapenda, atakumbuka vile walikuwa wanatega ndege wakiwa wadogo. Kwa hiyo masaa matatu anakuwa mwalimu tena. Hiyo haiuzwi supermarket.

Mahali pa kuenda

Karura: Huu msitu ulitangazwa rasmi 1932 na uko na zaidi ya hekta 1,000, ndani ya Kanairo. Kuna maporomoko ya maji, kuna mapango yanayohusishwa na Mau Mau, na njia za kutembea na baiskeli. Ukiingia, kumbuka karibu uende. Miaka ya tisini watu wakubwa walikuwa washaanza kugawana vipande wajenge majumba. Wangari Maathai na wenzake waliingia kupanda miti, na Januari 1999 walipigwa na majamaa waliokodishwa kulinda ploti. Hawakurudi nyuma. Leo shosh wako anaweza kukaa kwa nyasi pale ju ya hao watu.

Arboretum: Iko karibu na State House na ilianzishwa 1907. Ni ndogo kuliko Karura, so inafaa shosh, watoto na mtu yeyote mwenye magoti yanalia. Miti mingi iko na vibao vya majina. Chunga ndizi zako, tumbili wa pale hawaombi, wanachukua.

Ngong Hills: Hii ni ya wenye nguvu. Kilele cha juu kiko karibu mita 2,460, na ukifika unaona Bonde la Ufa upande mmoja na jiji upande mwingine. Panda mathree ya 111 mpaka Ngong, kisha boda mpaka kwa geti. Upepo wa pale si mchezo, ndiyo sababu waliweka zile mashine kubwa za umeme. Enda mkiwa wengi na uliza kuhusu askari wa msitu wa kuwasindikiza.

Na kama hauko Nairobi, usiseme tumekusahau. Mombasa kuna Mama Ngina Waterfront, jioni na madafu na mihogo. Kisumu kuna Dunga, ziwa mbele yako na samaki kando. Nakuru kuna Menengai, ile crater utaitazama mpaka usahau mwenye nyumba anakupigia.

Vile mtapanga bila kuumia

Anza na hesabu. Andika nauli ya kuenda na kurudi ya kila mtu, ingilio, na akiba kidogo. Bei za kuingia hubadilika, so angalia kwanza, na ujue malipo mengi ya misitu na mbuga za serikali hupitia eCitizen. Hakikisha mtu mmoja ako na pesa kwa M-Pesa kabla mfike getini, msianze kutafutana na wakala huko nje.

Chakula toka nacho nyumbani. Chapo na madondo, mayai boilo, viazi vitamu, chai kwa thermos. Mkinunua chakula huko, hapo ndipo bajeti hufia. Maji beba kwa chupa ya kutumia tena, ju tangu Juni 5, 2020 plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwa mbuga, misitu na fuo zinazolindwa. Na taka zenu mrudi nazo.

Raukeni mapema, mrudi kabla giza. Bebeni sweta, na msiingie njia za ndani mkiwa wawili tu. Machi mpaka Mei na Oktoba mpaka Desemba mvua haina adabu, vaa viatu vinavyoshika matope. Simu, kubalianeni moja ya picha, zingine zikae kwa bag. Hii sheria inawahusu pia wazazi, ju siku hizi hao ndio wako Facebook kutuliko.

Kitu kingine, chunga vile utaalika. Usimwambie buda "unakaa uko na stress, tukupeleke out." Atakataa na atakasirika. Mwambie, "Baba, Jumamosi si utupeleke Karura, wewe ndio unajua miti." Mathe naye msimwachie kazi yote ya kupika saa kumi na moja asubuhi, halafu mseme ni siku ya kupumzika. Kanda unga usiku, na vyombo uoshe wewe.

Lakini tusidanganyane

Kutembea hakutalipa rent. Jumatatu bili zitakuwa hapo zikikungoja. Na kama mtu kwa nyumba halali, hali, au anaongea kama mtu amechoka kuishi, usimwambie aende aone miti. Huyo anahitaji daktari au mshauri, na Befrienders Kenya pia husikiliza watu kwa simu. Kutoka pamoja kunakusaidia ugundue hali yake mapema, ju mtu hawezi kuficha uso masaa matano njiani vile anauficha nyuma ya mlango wa bedroom.

Tena usingoje mpaka mambo yawe poa. Watoto wanakua, shosh anazeeka, na hakuna mtu aliyeahidiwa kwamba mwaka ujao unga utashuka.

So leo jioni ingia ile group ya familia, ile ya kutumiana maombi na pole za matanga, uandike: "Jumamosi saa mbili asubuhi, steji. Chapo ni mimi." Hata wakikubali wawili tu, endeni. Wengine watakuja wakiona picha.