Gari lisilo na breki



Kila jioni pale bombani, madumu yakiwa yamepangwa foleni, watoto wanateremsha magari yao ya waya kwenye kale kamteremko. Magurudumu ni ndala zilizokatika, bodi ni kopo la mafuta ya mgao. Kuondoka, yanaondoka vizuri sana. Shida ni kusimama. Gari linashuka mpaka linagonga dumu la mama wa watu, na hapo makelele yanaanza. Wakubwa tunawafokea, eti michezo ya kijinga. Kumbe wako wanafunzi wa chuo kikuu wanaokesha kwa shida hiyo hiyo, na toleo hili tumeona tuwaeleze habari zao.

Huko Marekani kuna chama cha wahandisi wa kemia, kifupi chake ni AIChE, kilichoanzishwa mwaka 1908. Tangu mwaka 1999 chama hicho kinaendesha mashindano ya wanafunzi yanayoitwa Chem-E-Car. Timu zinatoka Marekani na nchi nyingine pia, hata Indonesia wamo. Kila timu inaunda kigari kidogo, saizi ya boksi la viatu hivi. Hakina dereva wala rimoti, na hakuna ruhusa ya kukisukuma. Kinakwenda kwa nguvu ya kemia, labda betri waliyoitengeneza wenyewe au gesi ya haidrojeni. Mpaka hapo sawa. Sheria inayofuata ndiyo inayowanyima vijana usingizi: ni marufuku kuweka breki, na ni marufuku kuweka saa ya kukizima. Kigari lazima kisimamishwe na kemia pia.

Tena kisisimame popote tu. Ikibaki kama saa moja, ndipo timu zinaambiwa umbali wa siku hiyo, kati ya mita 15 na 30, na mzigo wa maji ambao kigari kitabeba, kuanzia bila maji kabisa hadi nusu lita. Anayesimama karibu zaidi na mstari ndiye anayeshinda, awe ameupita au hajaufikia. Kila timu inapewa mbio mbili, na kila mbio haizidi dakika mbili. Basi. Kazi ya mwaka mzima inaamuliwa hapo.

Sasa wanakisimamishaje? Njia iliyo rahisi kufikiria ni kupima chakula cha gari: unaweka kiasi cha gesi kinachotosha mita 20, kikiisha gari linasimama. Waliojaribu wanajua ubaya wake. Gari halisimami, linachoka. Linapungua mwendo polepole kama mzee anayepanda mlima, na sakafu ikiwa na vumbi kidogo tu hesabu yote imeharibika.

Wengine wanatumia utepe mwembamba wa madini ya magnesi. Umeme wa mota unapita kwenye utepe huo, na utepe umezamishwa ndani ya asidi. Asidi inautafuna taratibu, utepe ukikatika umeme nao unakatika. Ni njia nzuri, ila utepe haulingani unene kila mahali, na gari likitikisika unaweza kukatika kabla ya wakati.

Njia iliyopendwa na timu nyingi ndiyo iliyotushangaza sisi. Ndugu wanaosoma sekondari wanakumbuka lile jaribio la ayodini: tone moja juu ya muhogo au ugali, pakawa bluu nyeusi. Hiyo ni dalili ya wanga. Hawa vijana wanachukua maji ya wanga na kuyachanganya na vitamini C, chumvi ya ayodini, na haidrojeni peroksaidi, ambayo ni ile dawa ya vidonda inayotoa povu. Peroksaidi inaanza kutengeneza ayodini pole pole. Lakini kila ayodini inayozaliwa, vitamini C inaidaka pale pale na kuiondolea nguvu, kwa hiyo wanga haipati kitu na maji yanabaki meupe. Siku vitamini C inapokwisha, yaani sekunde ile ile, ayodini inayofuata inakutana na wanga na chupa nzima inageuka nyeusi kwa ghafla. Upande mmoja wa chupa kuna taa ndogo, upande wa pili kuna kifaa kinachohisi mwanga. Giza likiingia, mota inazimika.

Uzuri wake ni kwamba muda unapangwa. Ukiongeza vitamini C mara mbili, muda nao unakaribia kuwa mara mbili. Kwa hiyo wanachanganya, wanahesabu sekunde, wanaandika. Wanamwaga, wanaosha chupa, wanarudia. Mara hamsini, mara mia. Mwisho wanachora grafu, na siku ya mashindano wakiambiwa "mita 22" wanaangalia karatasi yao na kujua waweke kiasi gani.

Lakini kuna adui, na adui ni joto. Kemikali zikipashwa joto zinafanya kazi haraka. Kwa kukadiria, nyuzi 10 zikiongezeka mwendo unakuwa kama mara mbili. Tuchukue mfano. Kigari kinakwenda sentimita 40 kwa sekunde, na mchanganyiko umepimwa usimame sekunde ya 60. Hiyo ni mita 24. Ukumbi wa mashindano ukiwa na joto nyuzi moja tu zaidi ya chumba walichopimia, giza linawahi kwa sekunde kama 4, na gari linasimama zaidi ya mita moja na nusu kabla ya mstari. Nyuzi moja! Mkono wako haiwezi kuisikia. Ndiyo maana wenye busara wanapima joto la maji yao dakika ya mwisho, na wanayo grafu ya kila joto. Halafu bado kuna taa za ukumbini zinazopenya kwenye kifaa, mapovu yanayoganda kwenye kioo, betri inayolegea, na kale kamwendo ambako gari linaendelea nako hata baada ya mota kuzimika. Vyote hivyo vinapimwa.

Mtu atauliza, kwa nini wasiwape tu breki hawa watoto wa watu? Sisi tulijiuliza hivyo hivyo. Jibu tumeliona kwenye habari ya kiwanda cha T2 Laboratories, mjini Jacksonville katika jimbo la Florida. Tarehe 19 Desemba 2007 walikuwa wanachanganya kemikali kwenye pipa kubwa la chuma kama siku nyingine zote. Mfumo wa kupoza ukashindwa, na hapakuwa na wa akiba. Joto likaongeza kasi, kasi ikaongeza joto, hakuna aliyeweza kusimamisha. Pipa likalipuka. Watu 4 walikufa, 32 wakaumia. Wachunguzi wa serikali waliona kwamba wenye kiwanda, pamoja na elimu yao, hawakutambua hatari hiyo, na wakapendekeza chama kile kile cha AIChE kisaidie wanafunzi wote wa uhandisi wa kemia wafundishwe jambo hilo. Pipa kama lile halina kanyagio la breki. Aliyelijaza ndiye aliyepaswa kujua mapema litasimamaje.

Wazazi, dawa za zahanati ziacheni zahanati, na mambo ya ayodini na peroksaidi yafanywe na mwalimu darasani. Ila watoto tuna kazi kwa ajili yenu. Tafuteni ubao, muuinue upande mmoja kwa tofali moja. Achieni gari la waya kutoka alama ile ile, bila kulisukuma, mara kumi. Kila likisimama pimeni kwa kamba kutoka mwisho wa ubao, muandike. Kisha wekeni kopo la mchanga ndani yake, mrudie mara kumi tena. Leteni karatasi zenu ofisini kwetu kabla ya mgao ujao. Ambaye namba zake zimekaribiana kuliko za wengine, gari lake tutalichora kwenye ukurasa wa kwanza. Na tafadhali, mbali na foleni ya maji.