Sifuri inayokula kilo za pamba

Chukua mizigo mitatu ya pamba iliyopimwa kwenye mizani ya AMCOS, tuseme hapa Bariadi: kilo 40.7, kilo 38.6 na kilo 52.9. Jumlisha kwa kalamu, unapata 132.2. Sasa ipe kompyuta kazi hiyohiyo kwa lugha ya C++:

std::accumulate(uzito.begin(), uzito.end(), 0)

Jibu: 130. Programu haijagoma, na kwa kawaida hupati onyo lolote, ila kilo 2.2 za mkulima zimeyeyuka. Zimeenda wapi?

Tuanze na kitu kinachoitwa kiolezo. Maktaba sanifu ni zile kazi zilizoandikwa tayari zinazokuja na lugha yenyewe. Waandishi wake hawawezi kuandika upya kazi ya kujumlisha kwa kila aina ya namba. Wanaandika mara moja tu, na pale panapohitaji aina ya namba wanaacha nafasi wazi, iitwe T. Ni kama fundi cherehani na karatasi yake ya kukatia shati: karatasi ni moja, kitambaa unaleta wewe. Anayejaza nafasi ile ni kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi yako kuwa lugha ya mashine.

Swali ni hili: kompaila inaijazaje T? Kwenye accumulate, inatazama ile namba ya kuanzia peke yake. Uzito wa pamba haiutazami kabisa. Wewe umeandika 0, ambayo ni namba kamili, basi T inakuwa int, chombo kisichoshika desimali. Fuata hatua:

0 + 40.7 = 40.7, inakatwa kuwa 40
40 + 38.6 = 78.6, inakatwa kuwa 78
78 + 52.9 = 130.9, inakatwa kuwa 130

Umeona? Haikatwi mara moja mwishoni, inakatwa kila mzigo. Ndiyo maana hasara inakua kadiri foleni inavyorefuka. Mizigo 1,000, kila mmoja ukiwa na nusu kilo juu ya kilo kamili, inapoteza kilo 500. Kwa bei ya mfano ya shilingi 1,000 kwa kilo, hiyo ni shilingi 500,000.

Wazoefu wanaandika 0.0 badala ya 0, na mambo yanakaa sawa. Lakini hiyo inategemea kumbukumbu ya mtu. Sasa kwa nini accumulate yenyewe isirekebishwe? Kwa sababu imo kwenye kiwango rasmi cha C++ tangu 1998. Ukibadilisha tabia yake leo, programu za zamani zinazoitegemea zitaanza kutoa majibu mengine kimyakimya.

Basi ya zamani ikaachwa, na kwenye C++23 ikaongezwa nyingine:

std::ranges::fold_left(uzito, 0, std::plus{})

Hii haiangalii namba ya kuanzia tu. Inauliza: nikijumlisha hii na uzito mmoja, jibu litakuwa la aina gani? Namba kamili ukiijumlisha na desimali unapata desimali, hivyo chombo cha jumla kinakuwa cha desimali. Jibu: 132.2. Ukiwa na GCC 13 au mpya zaidi, jaribu mwenyewe kwa kuweka -std=c++23.

Ila usilale. Ukijumlisha malipo yaliyohifadhiwa kama int, kwa kuanzia na 0, jibu nalo litakuwa int, na kwenye kompyuta nyingi int inaishia 2,147,483,647. Kwa bei yetu ile ya mfano, kiasi hicho cha shilingi kinajaa kabla hujamaliza kulipia tani 2,148 za pamba. Kwa mkoa kama Simiyu, ulio miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa zao hili, hizo si nyingi. Hapo andika 0LL, upate chombo kikubwa zaidi.

Kwa hiyo kabla ya kuamini jumla yoyote, jiulize kwanza chombo chake kimechaguliwa na nani: ni namba ya kuanzia, au ni vitu vyenyewe unavyovipima?