Saa 72 za Mtoto Hazingoji Baraza

Ndugu wanavikundi, mara nyingi tunaulizwa: mtoto akinajisiwa, twende kwa nani kwanza? Hospitali, hata kabla ya polisi.

Dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi, ile huitwa PEP, yapasa ianzwe upesi, wala isipite saa 72, yaani siku tatu. Kisha humezwa siku 28. Ushahidi wa mwilini nao hupotea kila saa. Kwa hivyo mtoto asiogeshwe kwanza, na nguo zake zitiwe katika karatasi, sio mfuko wa nailoni, maana humo huoza. Hospitali ya serikali hailipishi matibabu haya.

Sasa tuangalie kwetu. Wazee wanakaa maslaha siku mbili, tatu, wakihesabu ngamia. Hulugho hadi Garissa ni mbali, na mvua za mwisho wa 2023 zilikata barabara kabisa. Saa 72 zimekwisha, mtoto bado yuko nyumbani! Wazee tunawaheshimu, lakini fidia haimtibu mtoto.

Iko saa nyingine. Katiba ya 2010 yataka mshukiwa afikishwe kortini ndani ya saa 24 tangu kukamatwa. Maelezo ya mashahidi na fomu ya P3 zikichelewa, kesi huanza na miguu dhaifu.

Kikundi kitenge nauli ya dharura kutoka akiba yake. Simu ya watoto ni 116, bure, usiku na mchana. Ukiripoti kwa chifu au afisa wa watoto, andika saa, tarehe, na siku aliyoahidi kufika. Siku hiyo ikipita, rudi kwake na daftari lako.